Kufuta tatuu: kutoka chale za bibi hadi taa ya leza

Nimekuwa kimya kwa siku kadhaa. Nilikuwa na mgeni nyumbani, mdogo wangu kutoka Mpanda, na mgeni huyo alikuja Dar kufuata jambo moja tu: kufutwa nge.

Nieleze kuanzia mwanzo. Huyu ni mtoto wa mama mdogo, ana miaka 23, kidato cha nne alimaliza vizuri, na tangu utotoni ndoto yake ni uaskari polisi. Mwaka jana tangazo la ajira lilipotoka nilikuwa Mpanda, tumekaa sebuleni kwa bibi, Makanyagio. Akalisoma kwenye simu mstari kwa mstari. Umri sawa. Cheti sawa. Urefu sawa. Kesi hana. Kisha akafika kwenye ule mstari unaojirudia katika matangazo ya Jeshi la Polisi, kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchora mwilini. Akanyamaza. Akakunja shati, akautazama mkono wake wa kulia.

Nge huyo alichorwa bwenini, kidato cha pili. Walikuwa vijana watatu, sindano moja, uzi, masizi ya kibatari na wino wa biki. Mchoraji hakuwa fundi, maana kwa kweli yule nge anafanana zaidi na kaa. Kazi nzima ilichukua kama robo saa hivi, na sindano ni hiyo hiyo moja kwa wote watatu. (Kama una mdogo wako bwenini, mwambie habari ya homa ya ini na virusi vya UKIMWI kabla hujamwambia habari ya nidhamu.)

"Kaka, huko Dar si kuna mashine za kufuta? Nimeona video, inapita mara moja tu inakuwa nyeupe. Tangazo linafungwa baada ya wiki mbili."

Video hizo nami nimeziona. Nikamwambia asubiri, nisome kwanza. Na hakuwa na muda wa kusubiri, kwa sababu mmoja wa wale watatu alishachoka kusubiri miaka miwili nyuma, akajipaka maji ya betri. Nimemwona. Mchoro umeondoka nusu, na mahali pake pana kovu lililovimba, linalong'aa, linalomwasha kila jua likiwa kali. Wenyewe madaktari huliita keloidi, kovu linaloendelea kukua kupita kidonda chenyewe, na watu wenye ngozi nyeusi hulipata zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa na njia mbili mbele yake na chupa ya ile njia ya pili inauzwa gereji yoyote pale mjini.

Bibi alikuwa anatusikiliza. Akauliza tunazungumzia nini, nikamweleza. Akacheka, akasogeza kilemba, akatuonyesha kwenye panda za uso: mistari midogo, mitatu kila upande, myeusi kidogo. Chale. Alichanjwa akiwa msichana, kwa ajili ya kichwa kilichokuwa kinamsumbua. Wembe, kisha dawa ya unga mweusi ikasuguliwa ndani. "Hiyo taa yenu inatoa na hizi?" Akasema hataki zitolewe, anauliza tu.

Swali la bibi lilinipeleka mbali kuliko swali la mdogo wangu. Hebu tazameni Kiswahili chenyewe. Kuchanja ni kukata chale. Kutokana nako tukapata chanjo, neno tunalotumia kila mtoto anapopelekwa kliniki. Chale za dawa zilitangulia sindano ya hospitali, na hospitali ilipokuja ikapewa jina lililokuwepo. Nembo, ambayo leo ni alama ya kampuni au ya taifa, kwa wazee wetu ilikuwa alama ya kabila iliyochanjwa usoni au tumboni. Kuremba tunajua. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenye milima ya Marungu, Watabwa walitumia kitenzi kinachofanana nacho, kulemba, kwa chale za mwilini, na hicho hicho wakakitumia kwa kuandika. Wabemba mpaka leo wakisema ukulemba wana maana ya kuandika. Babu zetu waliotajwa kwamba hawakuwa na maandishi walikuwa wanaandika, ila karatasi yao ilikuwa inatembea.

Na karatasi inayotembea inaweza kusomwa na adui pia. Kutoka Mpanda ukielekea magharibi mpaka ziwani unafika Karema. Wabelgiji walijenga kituo pale mwaka 1879, chini ya ile jumuiya ya Mfalme Leopold II, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao wengi tunawaita Mapadri Weupe. Ilikuwa ni nchi ya njia za watumwa. Wamisionari walikomboa watumwa kwa kuwanunua, wengi wao watoto, wakawaweka kuzunguka misheni. Daktari wa Karema, Adrian Atiman, naye alitokea huko huko: alitekwa akiwa mtoto katika nchi ambayo leo ni Mali, akakombolewa Algeria, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu wa mwambao ule mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyetekwa alipoteza jina lake, lugha yake na ndugu zake. Chale hazikupotea. David Livingstone, akipita kusini mwa nchi hii mwaka 1866, aliandika kwamba Wamakua walitambulika kwa alama ya nusu mwezi kwenye paji la uso. Ndugu angeweza kumtambua ndugu kwa alama hiyo, na mnunuzi naye angeweza kujua bidhaa yake imetoka wapi.

Ndiyo maana hamu ya kufuta alama ni ya zamani kama alama zenyewe. Wagiriki na Warumi waliwachora watumwa waliotoroka na wahalifu, na alama hiyo waliiita stigma. Unyanyapaa tunaousema leo, Wazungu wanauita kwa neno hilo hilo. Aliyeachwa huru akapata mali, jambo la kwanza alilotaka ni uso usiosema habari zake za jana. Katika karne ya 6, tabibu Aetius wa Amida aliandika namna ya kuchora mwili na, katika kitabu hicho hicho, namna ya kufuta: kuosha, kupaka utomvu wa mti, kufunga bendeji siku kadhaa, kuchoma kwa sindano, kusugua chumvi. Kwa karne nyingi baada yake hapakuwa na jipya. Chumvi, tindikali, moto, msasa, kisu. Zote zina wazo moja, kwamba ukiondoa ngozi utaondoa na wino. Yule rafiki wa mdogo wangu na maji yake ya betri alikuwa kwenye karne ya 6 bila kujua.

Haya, sasa tuje kwenye leza yenyewe, maana najua wengine mmeruka mpaka hapa.

Wino wa tatuu haukai kwenye ngozi ya juu ile inayobanduka kila siku. Ungekaa huko ungeisha ndani ya mwezi. Unakaa tabaka la chini, na haukai umelala tu, umemezwa. Mwili ukiona uchafu umeingia hutuma seli walaji, zinazoitwa makrofaji, zije zimeze. Zinameza chembe za wino lakini haziwezi kuzisaga. Basi zinabaki na shibe yao hapo hapo. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba seli hizo zikifa huuachia wino, na seli changa zinazofika huumeza tena pale pale. Kwa hiyo tatuu ni kama kijiti kinachopokezwa kizazi hata kizazi. Hapo pia utaelewa kwa nini mkorogo haufuti tatuu. Mkorogo unashambulia weusi wa ngozi ya juu, wino uko chini yake. Ukijichubua, mchoro unaonekana vizuri zaidi, na ngozi umeiharibu bure.

Leza ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman, Marekani, mwaka 1960, kwa kutumia fuwele ya yakuti nyekundu. Haikupita miaka mingi daktari wa ngozi wa Cincinnati, Leon Goldman, akaanza kuielekeza kwenye tatuu. Ilifuta, lakini mapigo marefu yaliunguza na nyama ya jirani. Siri ilikuwa kwenye muda. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish waliandika kanuni ambayo mashine zote za leo zinaifuata: chagua rangi ya mwanga ambayo wino unainywa zaidi kuliko ngozi, halafu piga kwa muda mfupi kiasi kwamba chembe ya wino inapata moto na kupasuka kabla joto halijawahi kuvuka kwenda kwa jirani. Muda mfupi ni upi? Nanosekunde, yaani sekunde moja ukiigawa mara bilioni moja. Kuanzia miaka ya 1990 mashine hizo zikaenea kwenye kliniki, na mwaka 2012 Marekani ikaidhinisha mashine ya pikosekunde, ambayo inagawa sekunde mara trilioni.

Chembe ikipasuka kuwa vumbi, leza imemaliza kazi yake. Haijaondoa kitu. Anayeondoa ni mwili wako mwenyewe: seli walaji zinabeba lile vumbi kidogo kidogo kupitia mishipa ya limfu. Kazi hiyo inachukua wiki na miezi, na nyingine inarudi kumezwa pale pale, ndiyo maana unarudi tena na tena.

Sasa kwetu sisi wenye ngozi nyeusi kuna jambo ambalo video hazisemi. Weusi wa ngozi yetu, melanini, nao unakunywa mwanga. Mashine ya yakuti, ya nanometa 694, kwa ngozi nyeupe ni nzuri. Kwa ngozi ya mtu wa Mpanda inaweza kupiga melanini kabla ya wino na kukuachia malengelenge na baka jeupe lenye umbo lile lile la tatuu. Umefuta nge mweusi, umepata nge mweupe. Mwanga unaotufaa zaidi ni ule wa nanometa 1064, wa mashine ya YAG, ambao hupita melanini kwa upole zaidi na kuzama chini, na kwa bahati nzuri ndio unaonywewa vizuri na wino mweusi. Nyekundu inahitaji nanometa 532, na hapo hatari kwetu inapanda. Kijani na buluu ni ngumu, njano ni ngumu zaidi. Wino mweupe au wa rangi ya ngozi unaweza kugeuka mweusi ukipigwa. Na mashine za pikosekunde siyo zote zenye mwanga wa 1064, kwa hiyo usidanganyike na neno "ya kisasa".

Hapa ndipo nilipomcheka mdogo wangu kwa mara ya kwanza tangu tangazo litoke. Masizi ya kibatari ni kaboni tupu, nyeusi kabisa. Na tatuu za mtaani huwa na wino kidogo kuliko za fundi mwenye mashine. Umaskini wa bweni lile ulimpa mchoro ulio rahisi kufutika kuliko ule wa rangi saba niliouona kwenye bega la mtangazaji mmoja hapa mjini.

Kabla sijasahau, maana Katavi ni nchi ya migodi. Mji wa Mpanda ulikua kwa madini ya risasi. Reli kutoka Kaliua, kilometa 210, ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi, na mgodi ukafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu, na wapo wenye madoa ya bluu au meusi usoni na mikononi kutokana na baruti iliyowalipukia. Hiyo nayo ni tatuu, ya ajali, na leza inaweza kuifuta vumbi la mawe. Lakini kama ndani ya ngozi zimebaki chembe za baruti ambazo hazikuungua, leza inaweza kuziwasha. Imewahi kutokea kwa wagonjwa, na kila chembe ikaacha shimo. Mwambie daktari alama imetokana na nini. Usione haya.

Nikapiga hesabu mbele yake, kwenye karatasi ya daftari la bibi. Kati ya pigo na pigo ni wiki sita mpaka nane, na kwa ngozi yetu wengi hushauri kutopungua nane. Tatuu nyingi zinahitaji mara sita mpaka kumi, na mkononi chini huenda polepole kuliko begani au kifuani, kwa sababu ya mzunguko wa damu na limfu. Tuseme yake ina bahati, mara tano. Wiki 32. Na tangazo linafungwa baada ya siku 14.

Alilia. Sioni sababu ya kulificha hilo. Bibi akamwambia amalize kulia, kisha amwambie kaka yake anaanza lini.

Tulianza vibaya. Kliniki ya kwanza tuliyoingia hapa Dar (jina nalihifadhi) walituahidi kumaliza kwa siku moja. Nikauliza mashine yao ni ya nanometa ngapi, dada wa mapokezi akasema ni ya Kijerumani. Tukatoka. Ya pili, daktari wa ngozi alimkagua mwili mzima akitafuta makovu yaliyovimba, akauliza kama kwao kuna mwenye keloidi, akauliza dawa anazotumia, kisha akapiga eneo dogo kama punje ya hindi na kumwambia arudi baada ya wiki nne waone ngozi imejibu vipi. Nauli ya Mpanda kwa ajili ya punje ya hindi! Nilikasirika, lakini sasa naona yule ndiye aliyekuwa sahihi. Kama uko mikoani, anzia kwa mtaalamu wa ngozi wa hospitali ya mkoa kama yupo. KCMC pale Moshi kina kituo cha kanda kinachofundisha maofisa tabibu wa magonjwa ya ngozi tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na wahitimu wake wametawanyika wilayani. Leza pengine hana, lakini macho ya kutambua keloidi anayo, na hayo yatakuokolea nauli.

Siku yenyewe nilikaa naye chumbani. Alipakwa mafuta ya ganzi, akasubiri karibu saa nzima. Wote tukavaa miwani mizito. Usikubali kuingia bila miwani, mwanga ule unaharibu jicho moja kwa moja. Kisha sauti, ta-ta-ta-ta, kama chumvi imemwagwa kwenye moto. Nilimuuliza inaumaje. Akasema kama mafuta ya kukaangia maandazi yanavyoruka, lakini yanarukia pale pale tu. Haikufika dakika tano. Na nge akawa mweupe pe!

"Kaka, ameondoka!"

Hajaondoka. Ule weupe ni mapovu ya gesi yanayotokea kwenye ngozi chembe zinapopasuka. Baada ya robo saa au nusu saa hutoweka, na mchoro unarudi mahali pake, umekaa. Zile video huishia kabla ya hapo. Jioni mkono ulivimba, kesho yake kukawa na malengelenge mawili. Hayapasuliwi. Unaosha kwa maji na sabuni ya kawaida, unapaka mafuta mazito ya vaselini, unafunika bandeji safi, ukibanduka ukoko usiusaidie kubanduka. Jua likae mbali na mkono huo kwa miezi, na hilo kwa kijana anayeendesha bodaboda Mpanda siyo jambo dogo. Bibi alimshonea mkono wa kitenge mpaka kwenye vidole. Sigara nayo inachelewesha, hiyo aliiacha kwa kununa.

Amekwishapigwa mara tatu. Mkia umeondoka, miguu ya kushoto imeondoka, mwili umebaki kama kivuli cha penseli iliyofutwa vibaya. Pana baka jepesi kidogo upande wa ndani, daktari anasema mengi ya namna hiyo hurudi rangi yake ndani ya miezi, ila siyo yote. Fedha iliyotumika mpaka sasa, ukiweka na nauli, ingenunua pikipiki kuukuu. Tangazo la mwaka jana lilipita. Kuna ukomo wa umri kwenye matangazo hayo, naye anahesabu siku zake za kuzaliwa kama mtu anayehesabu deni.

Alipokuwa anaondoka juzi alinipa ujumbe wa bibi, kwamba bado sijamjibu swali lake. Nikampigia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Haya, inatoa?"

Nikamweleza kwamba leza inaweza kuutoa ule unga mweusi, kwa sababu ni masizi, ni kaboni kama ya nge. Mkato wenyewe hautoki, kwa kuwa kovu halina rangi ya kunywa mwanga. Ingebaki mistari mitatu, isiyo na weusi.

"Na kichwa kitarudi kuuma?"

Nikasema hapana, bibi, kichwa hakitarudi. Akasema hilo siwezi kulijua, akaniuliza kama mdogo wangu amepanda gari la saa ngapi na kama mkono umefunikwa.